Nilisema Anakuja

Teacher Rael, Mama Chebet, Mama Wekesa,

Mliniuliza, nikawaambia nakuja. Ilikuwa Jumapili ile baada ya ibada, tuko kwa Mama Wekesa hapo Huruma, mandazi bado ya moto, na Teacher akauliza kwa ile sauti yake ya kusahihisha madaftari: "Lakini Mama Mercy, hao wanaume wanne walikuwa na boti. Wewe hukuwa ndani ya boti, na kuogelea hujui. Ilikuwaje wao wakafa na wewe ukapona?" Nikaweka kikombe chini, nikasema nakuja, nikapita jikoni, nikatoka na mlango wa nyuma mpaka kwangu Munyaka. Kesho yake Mama Wekesa akaniletea mwavuli niliosahau, akaniuliza kama tumbo limetulia. Halikuwa tumbo, dada yangu. Ilikuwa aibu.

Wiki tatu nimewakwepa. Nikiona gauni la Mama Chebet kule sokoni, napinda kona kama mwizi. Kusema kwa mdomo nimejaribu na nimeshindwa, kwa hivyo naandika. Someni yote, msiruke. Mkimaliza, mniite mnavyotaka.

Kutoka Munyaka

Mambo ya viza na makaratasi sitawachosha nayo, mlikuwepo na mliniombea. Mnajua Mercy wangu ni nesi kule Norway, alijifungua mtoto wa kwanza, na mimi nikaenda kumkanda na kumpikia uji. Kilo nne za unga wa wimbi zilifika salama. Kilichonitia matatani ni kile kibuyu kidogo cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ulichonipa, Mama Chebet, na mimi bila akili nikakiweka kwenye mkoba wa mkononi.

Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, kijana wa usalama akakifungua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Akauliza hivi vitu vyeusi ni nini. Nikamwambia ni maziwa, na hayo meusi ni majivu. Akanitazama na macho ya huruma, akaniuliza polepole, "Ni ya nani?"

Nikajibu bila kufikiria, "Ya Mama Chebet."

Woi! Kijana alivua kofia. Akaita mkubwa wake, mkubwa akaniambia pole sana kwa kuondokewa, wakanikalisha kiti, wakaniletea maji ya kunywa, wakaanza kutafuta sheria inasema nini juu ya marehemu aliyechanganywa na maziwa. Mama Chebet, huko ulishakufa na ukaombolezwa. Mpaka nije nielewe na kuwaeleza kwamba ni majivu ya mti wa kusafishia kibuyu, ndege yangu ilikuwa imeondoka. Nilikaa pale masaa saba. Kibuyu walikichukua hata hivyo, na mtu mmoja alikibeba kwa mikono miwili kwa heshima.

Kwa kina Mercy

Mji wenyewe ni mdogo, bandari tu na nyumba za mbao za rangi, na jina lake mpaka leo sijui kulitamka. Baridi ya huko msifananishe na ile ya Julai hapa kwetu. Hapa unavaa sweta unaendelea na shughuli zako. Huko hewa inakuchoma ndani ya pua.

Mume wa Mercy anaitwa Henrik, mpole, anapika mwenyewe. Siku ya tatu alipika samaki, akaniuliza, "Mama, Mercy yuko wapi?" Nikasema anakuja. Akatoa samaki kwa oveni, akapakua sahani tatu, akakaa. Tukangoja. Dakika ishirini baadaye Mercy akatokea na taulo kichwani, samaki amepoa amekuwa kama kandambili. Henrik hakukasirika, lakini alitaka kuelewa. "Mama, ulisema anakuja. Alikuwa bado anaoga."

"Si sasa amekuja?" nikamwambia.

Mercy alicheka mpaka mtoto akaamka. Akamweleza kwamba kwetu mtu akiulizwa mwenzake yuko wapi, jibu ni anakuja. Hata kama yuko bafuni na sabuni kichwani, anakuja. Hata kama bado hajatoka nyumbani, yuko kwa njia. Sio uongo, ni adabu, ni kumtuliza anayengoja. Henrik akasema amejifunza kitu. Mimi nilicheka pia. Kiingereza changu mnakijua, ni Kiswahili kilichovaa koti.

Jirani yao alikuwa Kapteni Rolf, mwenye meli ya kuvua samaki. Mpishi wake aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono, na safari ya siku kumi ilikuwa tayari. Nilikuwa nimempelekea chapati mara mbili, akaja kuniomba nimsaidie kupika hiyo safari moja tu. Mercy alikataa kabisa. "Mama, hata dimbwi la maji unaogopa!" Kweli naogopa. Lakini niwaambie ukweli: nilitaka picha. Nilitaka niwatumie kwa simu picha nikiwa juu ya meli, na kofia, mseme Mama Mercy amefika mbali. Nikamwambia Mercy nimechoka kukaa kitako, nikaenda.

Siku nne baharini

Tulikuwa watano. Kapteni Rolf. Jonas na Marek, wavuvi, wote wana watoto wadogo, na Marek alinionyesha picha za watoto wake kila asubuhi kana kwamba wamebadilika usiku. Aksel, fundi wa injini, mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye mashavu mekundu. Na mimi.

Siku ya kwanza nilitapika. Siku ya pili nikapika ndengu na chapati, wakala kimya mpaka nikadhani wamechukia, kumbe huko mtu akipenda chakula ananyamaza. Aksel alirudi kuongezwa mara tatu. Alichelewa kuja mezani kila siku, na kila siku alisema injini ilikuwa inamwambia siri.

Huyo Aksel ndiye alinifundisha kuvaa suti. Kuna suti nene ya mpira, ya rangi ya machungwa, miguu na mikono vyote vimeshikana, ya kuvaa meli ikipata shida. Kapteni alitaka kila mtu ajue kuivaa haraka. Mimi na huu mwili wangu, mnanijua! Jonas alivuta mguu, Marek mkono, Aksel akafunga zipu huku anaomba Mungu kwa lugha yao. Nilikuwa kama gunia la viazi lililokatalia mlangoni. Tulicheka wote. Halafu Aksel akaacha kucheka, akaniambia, "Mama, ukianguka majini usipigane. Lala chali kama uko kitandani. Suti itakubeba." Akanifanya nilale chali pale kwenye korido mpaka akaridhika.

Siku ya nne upepo ulibadilika. Maji yalikuwa yanaruka juu ya meli na yanaganda hapo hapo. Kamba zikawa nene kama mapaja, milingoti ikavaa barafu. Jonas na Marek walikuwa nje wanaipiga kwa nyundo za mbao, wakiingia kunywa kahawa ndevu zao zinalia kwa barafu. Kapteni alikuwa hataki kuongea. Niliuliza kama kuna shida, Aksel akanijibu kwamba meli imekuwa nzito kichwani, na mzito kichwani huanguka.

Saa sita mchana

Nilikuwa namenya viazi. Meli ikalala upande kama kawaida, nikashika meza, nikangoja irudi. Haikurudi. Viazi vikabiringika, sufuria ikafuata, kengele ikaanza kulia. Nikasikia Kapteni anaita kwa redio, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Suti yangu ilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Niliivaa peke yangu, sijui vipi, woga una nguvu. Nikatoka kwenye korido, na pale chini ya ngazi ya injini nikamkuta Aksel. Ameanguka. Yuko na shati tu. Mguu wake wa kushoto umepinda mahali ambapo mguu hauna kiungo.

Alikuwa mweupe lakini akili yake ilikuwa timamu. Aliitazama suti yangu, akaona sijamaliza zipu, akaniashiria niiname. Akanifungia mpaka kidevuni. Huyo mtu mwenye mguu umevunjika alinifungia zipu. Kisha akasema, "Waambie waje wawili na kamba. Haraka, Mama."

Nikasema nakuja.

Nikapanda ngazi kwa magoti. Nje meli ilikuwa imelala sana, ukuta umekuwa sakafu. Boti ya mpira, ile inayojijaza upepo yenyewe, ilikuwa tayari majini upande meli ilikolalia, imefungwa na kamba. Jonas na Marek walikuwa ndani. Kapteni alikuwa ukingoni mwa boti, ameshika kamba na kisu mkononi. Wote walikuwa na suti. Kapteni akanipigia kelele niruke. Halafu akauliza, "Aksel yuko wapi?"

Hapa ndipo nataka msome polepole, kwa sababu hapa ndipo niliparuka nilipowatolea ushuhuda kanisani.

Nikasema, "Anakuja."

Nimejiambia mara nyingi kwamba ni mdomo tu. Ati ni mazoea, ati hata Mercy alikuwa bafuni na nikasema anakuja. Jameni, si kweli. Nilijua Aksel hawezi kuja. Nilijua nikisema "amevunjika mguu," hao wanaume watatoka kwenye boti waende chini, na mimi nitabaki peke yangu kwenye hiyo meli inayolala, au wataniambia niwaonyeshe mahali. Nilifikiria hivyo vyote kwa muda wa kupepesa jicho. Nikachagua. Neno la adabu lilikuwa karibu, nikalichukua.

Kapteni akasema, "Vizuri, tunamngoja." Akarudisha kisu kiunoni.

Wakangoja. Marek alikuwa anatazama mlango ule na anaita jina lake. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa juu wa meli, naogopa kuruka, Kapteni ananibembeleza, "Mama, sasa, Mama, ruka," na mimi nasema ngoja kidogo. Sijui ilikuwa dakika mbili au nne. Zilitosha wawili kushuka na kamba na kumtoa. Zilitosha pia kukata kamba na kuondoka. Hawakufanya hili wala lile, kwa sababu mimi nilikuwa nimesema anakuja.

Kisha meli ikageuka, yote, mara moja, ikawaangukia pamoja na boti yao.

Majini

Mimi nilikuwa upande wa juu, nikateleza nikarushwa mbali. Ndivyo ilivyokuwa, Teacher. Mwoga aliyekataa kuruka ndiye aliyepona.

Kanisani nilisema niliona mwanga. Sikuona mwanga. Niliona maji ya kijivu na mbingu ya kijivu. Maji yaliingia kidogo shingoni na yaliuma kama mtu anakuchuna. Nilianza kupigapiga mikono, nikameza maji ya chumvi, halafu nikakumbuka niliyofundishwa kwenye korido. Nikalala chali. Suti ikanibeba. Nilijikojolea ndani yake, na nilishukuru kwa hilo joto. Niliita majina yao wote, lakini la Aksel sikuweza kuliita.

Nilikaa hivyo masaa matatu mpaka helikopta ikaja. Daktari alisema baadaye kwamba mtu mwembamba asingefikisha masaa mawili hata na suti, na kwamba mafuta ya mwili wangu ndiyo yaliyoniweka hai. Alisema kwa heshima, na Mercy akatafsiri kwa heshima, lakini mnaelewa. Nilipona kwa unene na kwa zipu niliyofungiwa na mtu niliyemwacha.

Hospitali

Siku ya tatu walikuja watu wawili wa serikali, mwanamke na mwanaume, wapole, na mashine ya kurekodi. Nikawaeleza. Wakauliza kwa nini boti haikukatwa kamba. Nikasema walikuwa wanamngoja Aksel. Hiyo ni kweli. Mwanamke akauliza, "Aksel mwenyewe alisema anakuja?"

Mercy alikuwa pembeni ananishika mkono.

Nikasema ndiyo.

Hakukuwa na mtu mwingine duniani wa kunikatalia. Akaandika.

Kwa Solveig

Kabla nirudi, mke wa Aksel aliomba kuniona. Anaitwa Solveig. Nilitaka kusema naumwa, Mercy akasema, "Mama, ni mjane, twende." Tukaenda.

Alikuwa amepika vile vikeki vyao vya kubanwa kati ya vyuma viwili vya moto, laini, na jamu, na jibini ya kahawia tamu kama sukari nguru. Nilikula vinne. Nilikula kwa sababu mdomo ukiwa na chakula hauulizwi. Nyumba yote ilikuwa safi sana, na viatu vya Aksel vilikuwa bado mlangoni.

Akaniambia kwamba dukani watu wanamhudumia bila kumtazama. Mke wa Marek alimwona barabarani akavuka upande wa pili. Mji mzima unajua ripoti inasema nini: wanaume watatu walikufa wakimngoja mume wake. "Aksel alichelewa kila kitu," akasema. "Hata siku ya harusi yetu alichelewa, alikuwa anamalizia kahawa. Sasa nalala nikimuuliza, ulikuwa unafanya nini huko chini? Ulirudi kuchukua tumbaku? Wenzako wana watoto wadogo, ulikuwa unafanya nini?"

Akanigeukia. "Ulimwona, Mama?"

Huyo mama alikuwa na macho makavu, amelia akamaliza. Neno moja langu lingemrudishia mume wake. Nililiona hilo wazi kama ninavyoona karatasi hii.

Nikasema sikumwona, nilisikia sauti tu.

Akanifungia vikeki vilivyobaki nile njiani. Nikavichukua.

Kurudi Eldoret

Safari ya kurudi sina la kusimulia, nilifunika uso na blanketi kila ndege. Mlikuja kunipokea na nyimbo, mkanifunga leso mbili, mkanisimamisha mbele ya kanisa. Pastor akasema Mungu hakosei, kati ya watano alijua wa kumwokoa ni nani. Mkapiga vigelegele. Mimi nikainamisha kichwa na mkadhani ni unyenyekevu. Teacher, ulisema umejivunia mimi. Haki ya Mungu, siku hiyo ningependa ardhi inimeze na leso zenu.

Nilidhani nikifika nyumbani itapoa. Haikupoa. Nikikaanga, nawaza jibini yake. Nikilala chali, siwezi kulala. Na nyinyi mkaanza kuuliza, na maswali yenu yalikuwa ya haki.

Jumanne

Jumanne iliyopita, baada ya watu wa chakula cha mchana kuondoka, nilifunga kihoteli changu, nikaweka kiti jikoni, nikampigia Mercy kwanza. Nikamwambia yote. Akauliza, "Mama, kwa nini?" na nikamwambia niliogopa. Akalia, akanitumia namba.

Solveig akachukua simu, akafurahi, akaniuliza hali ya hewa ya Kenya. Nikamwambia, "Solveig, nilikudanganya. Nilimwona Aksel." Nikamweleza ngazi, mguu, zipu, na alichoniagiza. Nikamweleza nilichomjibu Kapteni. Nikamwambia hakuchelewa. Hakuwa anachukua tumbaku. Alikuwa amelala chini ananingoja mimi, na hao wengine walikuwa juu wanamngoja yeye, na mimi ndiye niliyekuwa katikati na ninajua.

Nilisikia saa ya ukutani kwake.

Halafu akauliza, "Mguu gani?"

Nikasema wa kushoto.

Akaanza kulia, sio kwa sauti. Akasema huo ndio mguu uliokuwa ukimsumbua, kwamba kila asubuhi yeye ndiye alikuwa anamvalisha soksi mguu huo. "Nimemkasirikia," akasema. "Miezi hii yote nimemkasirikia. Nilikataa kwenda hata kwenye jiwe lenye jina lake, maana mwili ulibaki baharini."

Nilimwomba msamaha. Hakunipa, na hakunilaani. Akasema nimngoje, akaweka simu mezani, nikasikia anafungua mlango, anaongea na mtu nje. Alirudi na mke wa Marek, jirani yake, yule aliyemvukia barabara. Akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, "Mwambie na yeye. Tangu mwanzo. Usiruke kitu."

Nikamwambia na yeye.